Amana

Jumapili ile padri hakuja kutoka Chake,
katekista Ladislausi akatusomea mwenyewe:
mbingu itakuwa mpya, nchi itakuwa mpya,
na bahari haitakuwepo.

Akapita. Akaendelea na lulu, na milango,
na njia ya dhahabu, kama mtu
anayekatiza chumba chenye maiti
bila kuvua viatu.

Mimi nilibaki palepale.
Nina chumvi ya miaka thelathini katika nyufa za visigino.
Nimefunga mwani kambani tangu mimba yangu ya kwanza,
nikajua kuhesabu maji kujaa na maji kupwa
kabla sijajua kuhesabu noti.
Humo ilitoka karo ya Ponsiano, humo sare,
humo viatu vya kipaimara vilivyombana akanyamaza,
na nauli ya meli humo humo.
Nilimtilia kiganjani mimi, kwa mkono huu,
ingali na unyevu.

Meli haikufika.
Nilikwenda walikolazwa, nikafunua shuka
baada ya shuka, watoto wa watu.
Kila nikiona si wangu, nikashukuru.
Kila nikishukuru, nikaona haya.

Nyuma ya kanisa letu hapa Weti, karibu na mikarafuu,
nimechomeka msalaba usio na mtu.
Siku ya Marehemu wenzangu wanapalilia watu wao.
Mimi napalilia udongo.

Basi nikamfuata sakristia.
"Mwalimu, bahari ikiondolewa,
mwanangu atatokea wapi?"
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu,
akaifuta tena, ilhali ilikuwa safi.
"Rudi nyuma kidogo, Mama Ponsi.
Kabla haijaondoka, bahari itadaiwa.
Itawatoa wote iliowameza, mmoja mmoja.
Hesabu kwanza. Ndipo iende."

Nikampelekea Bi Asaa habari hiyo,
tunayegawana ukuta, kinu na msiba:
binti yake alikuwa meli ileile,
yeye alimpata, akamzika na udi wake.
"Sisi twaambiwa afaye maji ni shahidi," akasema,
huku akipepeta mchele.
Kisha akaacha kupepeta.
"Na huko kwenu, mtu hufika na sura yake?"

Sikuwa na jibu. Nililala nalo swali, nikaamka nalo.
Katekista husema mwili utatukuzwa.
Utukuzwe, sikatai.
Lakini Ponsi ana kovu gotini, la kigae cha mtungi,
lenye umbo la kisamaki,
nililifunga mimi kwa kitambaa cha kanga.
Wakililainisha huko juu, nitamjuaje
katika umati wote ule wenye nguo nyeupe?

Alfajiri likanijia, nikiwa nawasha jiko:
Bwana mwenyewe alitoka kaburini na matundu yake.
Hakuyaziba. Aliwaonyesha rafiki zake,
akasema, tazameni, tieni kidole.
Nikacheka peke yangu, moshi machoni.
Basi na kovu litakuwepo.

Leo ni bamvua.
Maji yamekwenda mbali hata vigingi vya mwani
vimesimama vikavu kama meno ya kibogoyo,
na mchanga umelala wazi mpaka ukingo wa macho.
Kumbe kila mwezi bahari inajizoeza kuondoka
na sisi hatuijui ikiwa mazoezini.
Nimetembea nikaitazama sakafu yake:
chaza, kandambili moja, nyasi. Basi.
Bado haijaanza kulipa.

Sijui nitaizoea vipi mbingu isiyo na maji,
mie niliyekula humo na kuliwa humo.
Pengine nitaomba nipewe dimbwi tu, la kuoshea miguu.

Sasa yanarudi. Yananishika vifundo,
vuguvugu, yanajipendekeza.
Ninafunga kamba nyingine, na huku nayaambia
kwa sauti ya chini, wasinisikie wenzangu:
mtunzeni.
Hamkupewa huyo. Mmewekewa.